Hapa Kwetu Hakuna Msichana

Zubeda mwanangu,

Salamu hizi hazikutoka mbali. Zimetoka sebuleni, zimepita kwenye korido kati ya ndoo tulizotega chini ya bati linalovuja, na zimekufikia chumba cha pili. Kama zimekufikia zimelowa, usiwalaumu watu wa posta.

Mimi mzima. Mama yako mzima. Na wewe nakusikia unafungua zipu ya sanduku, unaifunga, unaifungua tena, kwa hiyo najua na wewe u mzima.

Sitakuandikia mambo ya soksi. Sitakuandikia kuhusu kula kwa wakati, kufunga mlango kwa ufunguo, wala kutompa mtu usiyemjua begi lako uwanja wa ndege. Hayo mama yako ameyashika tangu mwezi wa Ramadhani, na leo asubuhi nimemwona kwa macho yangu akificha ndagala wakavu ndani ya viatu vyako. Ukifika Dakar ukavaa kiatu ukasikia kitu kinavunjika, usiogope. Ni chakula.

Mimi nina jambo moja tu, na unalijua, kwa sababu ni wewe uliyelisema jikoni. Mama yako, ambaye tangu nimuoe hajawahi kubeba neno polepole, amenifikishia kabla sijavua viatu vyenye matope.

"Mutoto anasema hivi: kama baba yake hamuambie ndio na kinywa chake, kesho hapande ndege. Sasa we Saidi, enda umuambie."

Nikaja. Unakumbuka, maana ni muda mfupi tu uliopita. Nilisimama mlangoni kwako, ukanyanyua macho ukiwa umeshika ile sweta ya kijani, ukaningoja. Mimi nikasema, "Mvua ya leo imekuwa kubwa, eh?" Ukasema, "Kubwa, baba." Nikasema itawasaidia watu wa Carama wenye mashamba. Ukasema, "Itabasaidia." Nikarudi zangu sebuleni. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na alivyoniangalia ni namna ambayo kila mwanaume aliyeoa anaifahamu. Akaniwekea mbele yangu karatasi na kalamu.

"Andika, basi," akasema. "Karatasi haitakuangalia mu macho."

Ndiyo sababu naandika.

Wewe unajua kazi zangu mbili, lakini hujawahi kunisikia nikizieleza, kwa hiyo acha nieleze, maana kosa langu limo humo. Siku za kazi nauza piyesi, vipuri vya magari, kwenye kile kiduka chetu cha mtaa wa Asiatique. Jumamosi nasemea watu. Mtoto wa mtu akija kuposwa, mzazi hasemi mwenyewe, anatafuta mtu wa kumsemea mbele ya wageni, na hapa Kinama wanapotaka mtu wa upande wa msichana wananitafuta mimi. Nimewasemea Waislamu, nimewasemea Wakristo, nimemsemea hata yule kinyozi wa kona ambaye bado ana deni langu la shukrani.

Wageni wanaingia, wanakaa, wanasema wao wanapita tu. Ng'ombe wao amepotea, wamefuata nyayo, nyayo zimeingia kwenye rupango yetu, ndani ya ua wetu. Mimi nasema poleni sana, lakini sisi hatufugi. Wanasema basi kama si ng'ombe, labda kuna msichana. Nasema hapa kwetu hakuna msichana, mmekosea nyumba. Na msichana yuko chumba cha nyuma anapakwa poda, na kila mtu anamsikia akipiga chafya. Wanaomba tena, nakataa tena. Lazima nikatae, kwa sababu mtu anayemtoa binti yake mara tu anapoombwa ataonekana alikuwa anatafuta pa kumtupa. Neno ndiyo linakuja mwisho kabisa, wakati harufu ya pilau imeshawafanya watu wasisikie tena Kirundi wala Kiswahili.

Kazi nzuri. Ubaya wake ni kwamba Jumapili naamka nikiwa bado nimo ndani yake. Mama yako akiniuliza kama nataka ugali au wali, namwambia mimi ni mtu mdogo, nitakula kitakachopatikana. Akileta ugali, nanuna. Mtu akinikaribisha chai, nasema nimeshakunywa, halafu namwangalia mpaka aniambie tena. Kuna watu hawasemi tena. Nimerudi nyumbani na kiu kutoka nyumba nyingi za mji huu.

Sasa nikukumbushe ile kompyuta.

Ulipomaliza shahada yako ya kwanza uliniletea dukani ile kompyuta ya zamani, ukaniwekea ile programu uliyoitengeneza mwenyewe. Kila piyesi na jina lake, gari lake na rafu yake. Ukaniambia, "Baba, kila jioni andika ulichouza na ulichopokea, halafu funga." Nikaandika. Niliandika kwa kidole kimoja, na mgongo uliniuma, lakini niliandika. Nilipotaka kufunga, ikatokea ile karatasi ndogo katikati ya kioo, ikiniuliza kwa Kifaransa kama nataka kuhifadhi nilichoandika. Oui au Non.

Nikafikiri. Hii mashine ndiyo kwanza tunafahamiana. Inanikaribisha kitu, mara ya kwanza. Nikabonyeza Non, nikakunja mikono, nikangoja inikaribishe tena.

Kioo kikawa cheusi.

Nilifanya hivyo wiki nzima. Kila asubuhi mashine ilikuwa haijui lolote, kama mtu aliyeamka kutoka kwenye homa, na mimi niliwaambia wateja kwamba bado haijauzoea mji. Ulipokuja kuangalia, ulisimama mbele ya kioo muda mrefu.

"Baba, bintu byote biko wapi?"

"Iliniuliza kama nataka. Nikakataa kwanza."

"Ulikataa kwa nini?"

"Sasa ningekubali palepale, ingenifikiria nini?"

Ulikaa chini juu ya boksi la filta, ukacheka mpaka yule mteja wa breki naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Mimi nilikuwa nimeudhika kidogo, sikufichi. Lakini kesho yake ulirudi, ukafungua matumbo ya ile programu, na tangu siku hiyo mtu akibonyeza Non haizimiki. Inatokea karatasi ya pili, na uliiandika kwa Kiswahili chetu hiki cha nyumbani: Baba, uko na hakika?

Mwanangu, hakuna kompyuta nyingine Asiatique nzima yenye adabu kama ile. Wenye maduka jirani wamekuja kuiangalia. Na tangu siku hiyo haijapotea hata nati moja. Nilikupongeza? Hapana. Nilisema, "Inajaribu."

Ungefikiri hapo ningejifunza. Sikujifunza.

Ulipoleta habari ya masta ya informatiki, elimu ya kompyuta, huko Dakar, na kwamba maprofesa watakuuliza maswali kwa video, nilifurahi kwa sababu moja mbaya: nilidhani hiyo ni kazi yangu. Wageni wanakuja, wanauliza, mtu anajibu. Nani katika mji huu anaijua kazi hiyo kunishinda? Nikakuketisha, nikakufundisha. Usijitaje kwanza. Usihesabu ulivyonavyo mbele ya mgeni. Wakikusifu, kataa. Ulinisikiliza kwa sababu ulilelewa vizuri, na aliyekulea vizuri ni mama yako, kwa hiyo lawama nyingine naigawa huko.

Tulikwenda chumba cha nyuma cha duka, kwa kuwa dukani kuna jenereta. Wewe ukakaa mbele ya kompyuta, mimi nikakaa juu ya gunia la matambara ya kufutia mafuta, mahali ambapo wale wa Dakar hawanioni lakini wewe unaniona. Tulikubaliana: nikishusha kiganja, unajishusha.

Akaanza yule mwanamume mwembamba: kwa nini tukuchukue wewe? Nikashusha kiganja. Ukasema mimi si kitu, wako wengi walionizidi. Yule mama mwenye miwani akasema, lakini hapa umeandika kwamba umetengeneza programu ya duka, tuelezee. Nikashusha kiganja mpaka kikagusa gunia. Ukasema ni kitu kidogo tu, hata sijui kama kinafanya kazi. Nami nilipokuwa pale juu ya matambara nilijaa furaha. Nilisema moyoni: huyu ni mtoto wa nyumba.

Jibu lao lilipokuja, wakisema wanasikitika, ulilia jikoni ukiwa umegeukia masufuria. Mimi nikaja nikasimama nyuma yako nikasema, "Usilie, mama. Bamekataa mara ya kwanza. Ni heshima. Batarudi."

Na balaa ni kwamba sikuwa nakufariji. Niliamini. Nilikukataza hata usiombe chuo kingine, eti wasije wakasikia wakadhani tuna haraka. Kila simu yenye namba ya nje ilipolia nilisafisha koo kabla ya kupokea, nikiwa tayari kukataa kwa uzuri kabla ya kukubali. Siku moja ililia, nikatoka nje ya duka, nikamwanzia yule mtu salamu za ng'ombe na za watoto na za mvua. Alikuwa amekosea namba. Alikuwa anamtafuta fundi wa friji.

Watu wa Dakar hawakurudi. Kwao, ukisema wewe si kitu, wanakuandika hivyo. Na mwaka wako mmoja ulipotea pale, juu ya gunia langu. Wenzako waliomaliza na wewe wakaanza kazi, wakaanza masomo, na wewe ulikuwa unaniandikia piyesi. Hukunilaumu. Ungenilaumu ningejitetea, na kujitetea ni kazi ninayoiweza. Ulinyamaza, na kunyamaza kwako sikujua nikujibu nini. Najuta, Zubeda. Nimeona niliandike neno hilo peke yake, bila mvua na bila ng'ombe.

Mwaka huu uliomba tena, na hukuniambia.

Niliambiwa na Bwana Ferdinandi. Wewe unamjua, ni mpinzani wangu wa Jumamosi, yule mstaafu wa serikali anayekaa Carama. Yeye husemea wanaoomba, mimi husemea wanaoombwa, na tumeheshimiana na kuchokozana mbele ya pilau nyingi kuliko ninavyokumbuka. Siku hiyo aliingia dukani akaniuliza kama nina mkanda wa feni. Bwana Ferdinandi hana gari. Hajawahi kuwa na gari. Nikajua amebeba neno, nikamtolea stuli, tukaanza kuuzungumzia mkanda. Tuliuzungumzia kwa heshima, upana wake, urefu wake, magari ambayo hana. Mwishowe akasema:

"Mzee Saidi, ile siku ya mutoto wako, kurá ilikuwa muzuri sana kwetu Carama. Umeme haukukatika hata kidogo."

"Siku gani?"

"Ile alikuja kuongea na balimu ba Dakar kwa video mu salo ya nyumba yangu."

Nilikuwa nimeshika boksi la plagi. Nikaliweka chini polepole.

"Alisema nini?"

"Eh, Mzee. Alijisifu. Alijisifu mupaka mi mwenyewe nikasikia haya, nikatoka inje kuangalia kuku. Alisema, mi njo nilitengeneza ile programu, mi najua hiki na hiki, na hiki sikijue lakini nataka kukijifunza, munipe nafasi. Vile tu. Hata ng'ombe hakusalimia."

"Na bale balimu?"

"Bakamuuliza, nani alikufundisha kutengeneza programu ya batu ba kawaida. Akasema, baba yangu. Akasema, programu yenye kuvumilia baba yangu itavumilia mutu yeyote. Yule mama wa miwani alicheka, akavua miwani, akapangusa macho."

Halafu akanunua mkanda wa feni. Sijui mpaka leo anaufanyia nini.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Si kwa sababu ulikwenda. Kwa sababu ulikwenda kwake. Mtu ambaye nimemkatalia wasichana kwa miaka, leo binti yangu anakaa kwenye kiti chake chenye vitambaa vya kufuma, anaomba mwenyewe. Nilikaa siku mbili bila kukuongelesha, nawe ulidhani ni jino. Siku ya tatu nikaenda stoo kutafuta radieta ya mteja, na kule gizani yale maneno yakanirudia, programu yenye kuvumilia baba yangu, nikacheka peke yangu mpaka nikashika rafu. Halafu kile kicheko kikageuka. Kwa sababu niliona kwamba ulifanya kazi yangu. Uliingia nyumba ya watu, ukasema jambo lako, ukatoka nalo. Na uliponitaja mbele yao, ulinitaja kwa sababu nimekosea sana mbele yako, na yale makosa uliyaokota ukayafanyia kazi. Nililia kidogo, kati ya radieta. Mteja alingoja, hakulalamika.

Kwa hiyo nikikupa ushauri leo, uupime kwanza. Unajua umetoka kwa nani.

Huko utakakokuwa, siku utakayokwama kwenye masomo, omba msaada mara hiyo hiyo. Usikae kama mimi na kikombe kitupu mkononi unangoja mtu akukaribishe tena. Wale hawajui kwamba unangoja. Na siku programu yako itakapokufa mbele ya darasa zima, na itakufa, usianze kuizunguka kwa maneno. Onyesha mahali, sema ni hapa nimekosea. Mimi nimezunguka makosa yangu kwa maneno matamu miaka mingi, na kila nilipomaliza kuzunguka nililikuta kosa palepale, limekaa, linaningoja.

Lakini usinitupe wote. Ukikosana na mtu unayekaa naye chumba kimoja, hapo usiende moja kwa moja kama ulivyowaendea wale walimu. Hapo zunguka. Muulize kwanza habari za mama yake. Msifie hata mkanda wa feni. Watu wanaojua kompyuta, nimewaona, wakikuambia umekosea wanakuambia kama wanavyoiambia mashine, na halafu wanashangaa kwa nini wanakula peke yao.

Na usimwache yule mtu anayebonyeza Non. Watakufundisha mambo makubwa huko, na utarudi unaongea maneno ambayo hata Bwana Ferdinandi hatajifanya anayaelewa. Lakini dukani, hospitalini, ofisini, popote watakapoweka mashine hizo, kutakuwa na mzee mmoja anayekataa kwa adabu na anayepotezewa kila kitu chake. Ulimcheka, halafu kesho yake ukarudi ukamtengenezea karatasi ya pili. Mimi nadhani masta yako yote iko pale, ingawa wao wataieleza kwa kurasa nyingi zaidi.

Sasa nifike kwenye habari ya leo mchana.

Wazo la kwamba Bwana Ferdinandi aje kukuomba kwa niaba ya chuo halikuwa langu. Lilikuwa la mama yako na shangazi yako Mwamini, walipokuwa wanakunja sambusa. Walisema itakuwa ni mchezo mzuri, watu watacheka, halafu mzee atatoa ruhusa, tutakula. Nami nikakubali mara ya kwanza, jambo ambalo lingetosha kumshtua mtu anayenijua.

Na ulianza vizuri, mchezo. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, majirani wamejaa. Bwana Ferdinandi akasimama na kofia yake na fimbo yake, na ile soda ya ndimu aliyopewa akiitazama kwa huzuni, kwa kuwa anajua hapa kwetu hatapata kingine.

"Amasho," akasema.

"Amashongore," nikajibu. Tumetakiana ng'ombe, yeye na mimi. Mimi nina kuku wawili, na mmoja ni wa jirani.

"Sisi tunapita tu," akasema. "Tumetoka Dakar na miguu."

"Poleni na miguu."

"Ordinateri yetu, kompyuta ya chuo, imetoroka. Tukafuata waya yake, tukaona inaingia mu rupango yenu."

"Hapa kwetu hakuna ordinateri. Hata kurá hakuna."

Watu wakacheka sana, kwa kuwa ilikuwa kweli, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

"Basi kama ordinateri hakuna, tunaomba musichana wa kuja kutusaidia kuitafuta."

"Hapa kwetu hakuna musichana. Mumekosea nyumba."

Wakacheka tena. Akaomba mara ya pili, nikakataa, kama kawaida. Akaomba mara ya tatu, akanikonyeza, na hapo ndipo nilitakiwa nianze kulegea. Mama yako alikuwa ameshafunua sufuria. Mimi nikafungua kinywa, na kilichotoka ni swali. Nikauliza, huko Dakar nani atamsuka nywele. Bwana Ferdinandi akasema wasusi wako. Nikauliza, akipata homa nani atakaa naye. Akasema kuna madaktari. Nikasema sikuuliza nani atamtibu, nimeuliza nani atakaa naye. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, halafu wakaacha. Nikauliza kama mashine za Dakar zina adabu. Nikauliza kama huko wanajua kwamba msichana huyu akinyamaza ndipo ameumia. Bwana Ferdinandi aliweka chini soda yake. Akaacha sauti ya Jumamosi, akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na ndugu yake:

"Saidi. Toa mutoto."

"Hatuna," nikasema.

Na ndipo mvua ikashuka. Unajua yaliyofuata. Turubai likajaa maji likamwangukia Bwana Ferdinandi, fimbo ikabaki imesimama nje kama antena. Shangazi Mwamini akapita mbio na sufuria la pilau kichwani, anamwomba Mola na kumtukana aliyefunga kamba kwa pumzi moja. Watoto wakaiba sambusa. Kila mtu akakimbilia ndani, wakala wamebanana, wakacheka, wakaenda zao, na hakuna aliyekumbuka kwamba mchezo haukumalizika.

Ulikumbuka wewe. Ulikuwa umesimama mlangoni na gauni lako jipya, ukaniuliza, "Baba, we ulikuwa nacheza ao ulikuwa nakataa kweli?"

Nikasema, "Beba biti kwanza, bitaloa." Viti vilikuwa vimeshaloa vyote.

Nakujibu sasa. Nilianza nikicheza. Mara ya tatu nilikuwa nakataa kweli. Miaka yote hii nimekaa upande wa wanaoombwa nikidhani nimeshaujua uchungu wake, kumbe nilikuwa naazima uchungu wa watu wengine kwa mchana mmoja, nala pilau, narudi nyumbani nakukuta. Leo niliona kwamba nikisema ile ndiyo, maneno yamekwisha, na maneno yakiisha unaondoka. Basi nikayarefusha. Kama mvua isingenyesha, nadhani tungekuwa bado tumekaa pale, Bwana Ferdinandi amesinzia, mimi nauliza habari za vyandarua.

Zipu yako imenyamaza. Sijui umelala au umekaa kitandani unangoja. Barua hii nitaipitisha kwa mama yako aiweke ndani ya kompyuta yako, juu ya herufi, maana asubuhi unaifungua hiyo kabla hujatusalimia sisi. Utaisoma kabla ya gari kuja. Ukitoka chumbani usinilazimishe nirudie kwa mdomo mbele ya shangazi yako, nitaanza tena mambo ya mvua. Mimi nitakuwa nje nafunga sanduku kwenye gari, na nitakuwa nalifunga vibaya ili lichukue muda.

Basi, tumalize shughuli iliyokatizwa.

Bwana Ferdinandi ameuliza kama humu ndani kuna msichana. Yupo. Anaitwa Zubeda, binti Saidi, wa Kinama. Ametengeneza programu ya duka na inafanya kazi, inafanya kazi vizuri sana, na niliposema inajaribu nilikuwa nasema uongo. Anajua mambo mengi, na asiyoyajua anataka kuyajifunza. Ni wangu, na kumtoa kunaniuma, na anaombwa na watu waliomwona jinsi alivyo.

Ndiyo. Nenda, mwanangu.

Najua kuna karatasi ya pili, wewe ndiye uliyeiandika. Nina hakika.

Baba yako,
Saidi